Kiti Chako Katika Ndege ya Kupima Hewa

Mama Naliaka wangu,

Nakuandikia kutoka nyumbani Kitale, mchana wa Jumapili, nikiwa kwenye meza ya jikoni. Naliaka yuko kanisani na nyanya yake, kwa hivyo nyumba imetulia na hakuna wa kuniuliza ninaandika nini. Mvua imejikusanya upande wa Mlima Elgon na bado haijaamua.

Tangu uondoke tumekuwa tukitumiana ujumbe wa simu: mtoto ana homa, mtoto amepona, upepo umeng'oa bati la jikoni, nimelirudisha. Unajibu kwa heshima, maneno manne au matano. Sikulaumu. Hili ninalotaka kusema haliwezi kutoshea kwenye simu, na mara hii neno lenyewe si lako peke yako. Barua hii nitaiacha wazi, aisome kila mtu wa kituoni, kwa sababu wao ndio ambao hadi leo hawajui. Wewe unajua yote isipokuwa jambo moja, nalo nitalifikia.

Nianze mahali pazuri. Ulipofika kituoni kwetu kutoka Webuye, na sanduku lako la bati na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, mimi nilikuwa nimepima hali ya hewa kwa miaka sita. Mkubwa akaniambia, "Wanjala, mfundishe huyu." Nikakufundisha kuandika saa kabla ya kuandika namba. Nikakufundisha kusoma kipimajoto bila kukipumulia, kwa maana pumzi ya mtu inadanganya chombo. Nikakufundisha kufunga viungo kwa tepu nyeusi na kukunja ncha yake kidogo, ili siku ya kuifungua usihangaike na kucha. Na siku ya kwanza ya kurusha puto, upepo ulikuvuta pamoja nalo mpaka ndani ya mahindi. Mimi nilibaki nimesimama nikicheka, nawe ukapiga kelele kutoka huko ndani, "Mwalimu, si uje unishike!"

Nilikuja nikakushika. Mpaka leo wenzetu husema sikukuachilia tena.

Hata baada ya kuoana uliendelea kuniita Mwalimu ukitaka kunichokoza. "Mwalimu, chumvi imeisha." "Mwalimu, mtoto analia na zamu ni yako." Nililipenda jina hilo kuliko nilivyojua. Nililijua vizuri nilipoanza kuogopa kwamba halinifai tena.

Kisha ikaja ndege.

Unakumbuka jinsi Daktari Marta alivyotueleza siku ya kwanza, pale uwanjani Kitale, amesimama chini ya bawa? Mama mrefu kutoka ng'ambo, aliyejifunza Kiswahili Tanzania akawa anakisema sanifu kuliko sisi sote. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini mbili, imetobolewa tumbo, na kwenye lile tundu wameweka kioo na leza. Akasema leza inatupa chini rangi mbili za mwanga ambazo macho hayazioni. Rangi moja hewa ukaa inaimeza, nyingine inaiacha ipite. Zote zinagonga ardhi na kurudi kwenye darubini iliyo ndani ya ndege. Ukilinganisha kilichorudi cha rangi hii na cha ile, unajua ni hewa ukaa kiasi gani iliyolala kati ya ndege na shamba. Alitaka kujua msitu wa Elgon na mahindi yetu vinavuta kiasi gani, na miji na barabara kuu vinarudisha kiasi gani. Ndege ingeruka kutoka Kitale, ipite ubavuni mwa mlima, iteremke Malakisi, ikate Bungoma na Webuye, kisha irudi.

Wewe uliuliza, "Na ikipita juu ya mto? Maji si yatameza mwanga wote?" Daktari Marta akakutazama kwa makini. Mimi nilikuwa na swali lilelile mdomoni. Nilikuwa nalipanga vizuri ili lisikike la kitaalamu, nawe ukalitoa tu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Wenyeji wawili walihitajika. Mmoja angekaa ndani ya ndege akiangalia leza. Mwingine angekaa kwenye kibanda cha mabati karibu na Bungoma, kando ya uwanja wa shule, na kupima hewa ya chini kwa chombo kinachoivuta kupitia mpira kutoka kwenye mlingoti, ili vipimo vya juu vishuhudiwe na vya chini. Tulifunzwa wiki mbili. Tukafanya mtihani, sisi na wenzetu watatu.

Wewe ukapata kiti, mimi nikapata kibanda.

Nilikupa mkono. Mbele ya watu nilisema, "Hongera, Mama Naliaka." Kisha nilienda nyuma ya stoo na kusimama huko mpaka uso wangu ukanirudia. Niliwaza maneno ya kijinga kabisa. Niliwaza kwamba kila unachokijua kilipitia kwangu kwanza. Niliwaza kwamba walikuchagua kwa sababu wewe ni mwepesi na ndege ni ndogo. Wazo hilo lilinifariji siku nzima, hadi nilipomwona rubani, ambaye ni mnene kuliko mimi.

Walikupa koti la buluu lenye jina lako kifuani, limeshonwa kwa uzi mweupe: Nasimiyu. Unakumbuka nililifua mimi, ukanishukuru. Hukuniuliza kwa nini nililianika nyuma ya nyumba badala ya mbele penye jua. Nilitaka majirani wasilione. Na kabla ya kulifua nililivaa. Mikono iliishia mbali na viganja vyangu, nikajitazama kwenye kioo kama mtu aliyevaa nguo ya mtoto.

Jioni za siku za kuruka ulikuwa ukirudi na macho yanayong'aa. Ulikuwa unamchorea Naliaka mlima kwa kidole mezani, unamwonyesha mahali msitu unapoanza na mahali ambapo namba inashuka kwa sababu miti inakula ile hewa. "Inashuka hivi, mama, kama mtu anateremka ngazi." Mtoto aliacha mdomo wazi. Mimi nilitafuna. Uliponiuliza kibanda kilikuwaje nilikujibu, "Kilikuwa tu."

Watu waliona nimebadilika, wakaeleza kwa njia wanayoijua. Mama Zubeda, yule anayeuza chai na mahamri kwenye lango la shule pale Bungoma, aliniletea kikombe siku moja akakaa kwenye kizingiti bila kukaribishwa.

"Baba Naliaka," akasema, "ati bibi yako anazunguka huko juu na wazungu, na wewe umefungiwa kwa hii bati?"

"Ni kazi, Mama Zubeda."

"Kazi najua. Lakini mwanaume ni mwanaume bana. Mimi kama ni wewe singelala."

Nilicheka naye. Nilimwacha aamini hivyo, na mamangu aliponiuliza kwa kuzungukazunguka, nilimwacha naye aamini. Wivu wa mume unaeleweka, na watu wanakuhurumia. Huu wangu ningeueleza vipi? Ni mume gani anayemwonea mkewe wivu kwa sababu ya dirisha la duara na skrini mbili? Wale wanaume waliokuwa nawe ndani ya ndege, rubani na fundi wake wa injini, wangeweza kuwa mawe. Nilichokitaka ni mahali ulipokaa.

Sasa ile safari ya tatu ya kuruka.

Mambo yaliyotokea ndani ya ndege niliyajua baadaye. Mlipokuwa juu ya Malakisi leza iliteleza ikatoka kwenye rangi yake. Daktari Marta alikuwa mbele na rubani, wakibishana juu ya mawingu. Hukungoja. Uliirudisha mwenyewe, mkaendelea hadi Bungoma, mkapita juu yangu. Siku hiyo pampu ya kifaa cha kunusa hewa ndani ya ndege ilikuwa imeharibika, kwa hivyo shahidi pekee wa leza alikuwa chombo changu cha chini.

Upande wangu nilikuwa nimefunga mlango kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa nimeegemea rafu ya chombo, mikono kifuani, nikisikiliza injini zako zikija, zikipita, zikienda. Nilinuna nikipumua. Ni hayo tu niliyofanya.

Asubuhi iliyofuata tulikaa kwenye chumba cha mikutano pale kituoni Kitale. Namba za juu na za chini zilikuwa zimeachana vibaya. Za kwangu zilikuwa kubwa mno.

"Chombo cha ardhini ni chepesi," Daktari Marta akasema. "Hakina mengi ya kuharibika. Leza ina mengi. Nasimiyu, uliirekebisha bila kuniuliza?"

"Niliirekebisha, Daktari. Ilikuwa imetoka kwa rangi yake. Ningengoja tungepoteza vipimo vya njia yote."

"Huenda uliirudisha mahali pasipo pake."

"Niliirudisha mahali pake."

Ukanigeukia. "Baba Naliaka, chombo chako kilikuwa sawa?"

"Kilikuwa sawa," nikasema.

Asubuhi hiyo sikusema uongo. Niliamini nilichosema. Uongo ulianza saa tisa alasiri.

Nilirudi Bungoma na pikapu ya kituo ili nikague chombo, kama nilivyoagizwa. Nilikiwasha, nikainama kusoma. Namba ilikuwa juu. Nikatoka nje kujisaidia, nikarudi, nikaikuta imeshuka. Nikainama tena, ikapanda. Nilisimama pale nikiitazama namba ile kama inanijua. Nikabana pumzi nikahesabu hadi thelathini, ikashuka. Nikafuata mpira kwa vidole kutoka ukutani hadi kwenye chombo, na nyuma ya rafu nikakuta kiungo kimepasuka, ufa wa urefu wa punje ya mchele. Chombo hakikuwa kinavuta hewa ya mlingoti peke yake. Kilikuwa kinavuta na hewa ya kibanda, na ndani ya kibanda palikuwa na mtu mmoja anayepumua.

Nilipuliza kwenye ufa ili nihakikishe. Namba iliruka kama imechomwa sindano.

Leza yako ilikuwa sahihi. Wewe ulikuwa sahihi. Aliyeharibu kipimo alikuwa mimi na mapafu yangu. Mimi niliyekufundisha usikipumulie chombo.

Nilitoa simu nikupigie. Sitadai sana kuhusu hilo, kwa sababu sijui kama kweli ningepiga. Lakini simu ilikuwa mkononi ilipolia. Alikuwa Daktari Marta.

"Bwana Wanjala, nimeamua. Nasimiyu atapumzika na leza kwa muda. Kesho kutwa utakaa wewe kwenye ndege, naye atashika kibanda. Uko tayari?"

Ule mpira nilikuwa nimeushika kwa mkono wa kushoto.

"Niko tayari, Daktari," nikasema.

Na sikuishia hapo. Laiti ningeishia hapo. Nilifungua sanduku la vifaa, nikatoa tepu nyeusi, nikakifunga kile kiungo mara tatu, nikaibana kwa kidole gumba mpaka nikahakikisha kiungo hakivuji tena. Nilipopuliza, namba haikutikisika. Nilijua maana yake. Nilijua kwamba kesho kutwa namba za juu na za chini zitakubaliana, na kila mtu atasema: mmeona? Mama alitoka, mambo yakanyooka.

Kwa siku mbili tulilala kitanda kimoja na sikusema. Ulikuwa ukinieleza tena na tena, kwa sauti ya mtu anayehesabu, "Niliona mstari wa leza ukirudi katikati ya skrini, Baba Naliaka. Niliuona na macho yangu." Nilikwambia labda ulichoka. Nilikushika bega nikisema hivyo.

Siku ya kuruka nilivaa koti la mtu mwingine, nikakaa kwenye kiti chako.

Wanaonijua wangependa kusikia kwamba sikufurahia, kwamba dhamiri ilinisumbua nikaona giza. Hapana. Yalikuwa masaa mawili matamu kuliko yote niliyowahi kuishi. Nilishika zile swichi kama nimezaliwa nazo. Niliona mashamba ya Trans Nzoia yamepangwa kama mikeka, kisha msitu ukaingia ghafla, mweusi, na namba ikaanza kuteremka ngazi, kama ulivyomwambia mtoto. Niliona mto wa Lwakhakha na Uganda ng'ambo yake, na isipokuwa mto wenyewe hakuna kitu ardhini kinachoonyesha mpaka. Niliona Malakisi. Kwa mbali niliona Webuye, na kile kiwanda cha karatasi ambacho baba yako alikifanyia kazi maisha yake yote, kidogo kama kiberiti kilichowekwa kando ya reli.

Kisha nikaona uwanja wa shule pale Bungoma na kibati kinachometa pembeni. Nilijua uko chini ya kibati kile. Nilifurahi kuwa juu, na nilifurahi kwamba wewe uko chini. Zilikuwa furaha mbili, Mama Naliaka, na ile ya pili haikuwa ndogo.

Namba zikakubaliana. Daktari Marta akanigusa bega. Tulipotua, wenzetu wa kituoni walikuwa wamekuja uwanjani, wakanipigia makofi. "Huyu ndiye Wanjala bana!" Nikainua mkono.

Jioni ulikuwa umepika ugali na mboga ya mrenda. Ulinipakulia. Ukakaa mbele yangu.

"Ilikuwa aje?"

Nilikueleza. Nilikueleza yote, nusu saa nzima, mikono ikiruka, chakula kikipoa, na wewe ulinisikiliza kwa utulivu, hata ukaniuliza maswali mazuri, kama vile leza ilikaaje tulipopita juu ya msitu na kama mawingu yalitusumbua. Sikushtuka. Niliona ni haki yangu kusikilizwa.

"Na namba?"

"Zimekubaliana. Juu na chini, zimekaa pamoja kabisa."

"Ni vizuri," ukasema. Ukamwambia Naliaka aende kwa nyanya akamsaidie kuchambua maharagwe. Ulingoja mlango ufungwe.

"Ile tepu uliifunga lini?"

"Tepu gani?"

"Baba Naliaka." Hukupandisha sauti. "Nimekaa kwa hicho kibanda siku nzima. Unafikiri ningekaa bila kufuata mpira? Nyuma ya rafu kuna tepu mpya, na ncha yake imekunjwa. Nani mwingine anakunja ncha?"

Nilitazama sahani.

"Ulifunga kabla wanitoe ama baada?"

"Ulikuwa umeshatolewa. Lakini ningeweza kusema, na..."

"Sikukuuliza ungeweza nini."

 Nje mamangu alikuwa anamwimbia mtoto. Kisha ukasema, na safari hii sauti ilitetemeka kidogo, "Ni juu ya wale wanaume? Watu wananiambia, ati una wivu na wazungu. Mimi nawaambia si wewe huyo. Niambie kama ni wewe."

"Si wanaume," nikasema. "Ni kiti."

Ulicheka. Tumecheka mengi pamoja, lakini kicheko kile sikukijua. "Kiti," ukasema. "Yaani mimi nimekaa siku tatu nikijua nimepoteza akili, nikiangalia mikono yangu nikiuliza ilifanya nini, na ni kiti."

Ndipo nikakuuliza. "Ningekuomba siku moja tu, ungenipa?"

Ulifikiri. Hilo nalikumbuka kuliko yote, kwamba ulifikiri kweli, hukunijibu kwa hasira.

"Singekupa," ukasema. "Hata siku moja. Ningekunyima, ungenuna wiki moja, halafu yangeisha."

Ulisimama, ukaondoa sahani yangu. Ukiwa umenipa mgongo ukasema, "Mimi sitasema chochote kwa Daktari. Utasema wewe. Na usiniambie kesho kutwa. Ni kesho."

Nilienda kesho yake. Nilimkuta kwenye kivuli cha bawa, anakunywa chai, kikombe kimewekwa juu ya gurudumu. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Pumzi yako?" akauliza.

"Pumzi yangu, Daktari."

"Na ulijua tangu lini?"

"Tangu alasiri ile uliponipigia simu. Nilikuwa nimeushika mpira."

 Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Nitaandika kwamba kiungo cha mpira kilivuja, na kwamba vipimo vya leza vya siku ile ni sahihi. Hayo mengine si ya ripoti. Hayo ni ya nyumbani kwenu. Ila kwenye kazi hii hutashika kitu tena."

Alikuita siku hiyohiyo akakuomba radhi mbele yangu. Ulirudi kwenye kiti chako, mkamaliza safari zote zilizobaki, na walipokusanya vifaa vyao walikuomba uende nao mwaka mmoja, usaidie kuzifanyia kazi zile namba ulizozikusanya. Uliniambia umekubali. Hukuniuliza. Siku ya kuondoka ulimbeba Naliaka hadi langoni, ingawa ni mkubwa sasa, na mimi ulinipa mkono kama mwenzako wa kazini. "Mtunze mtoto," ukasema. "Mengine tutaona." Bado sijui mengine ni yapi.

Sasa lile jambo usilolijua.

Ripoti haikufika hapa kituoni. Wageni walipoondoka, wenzetu walibaki na kile walichokiona kwa macho yao: wewe ulitolewa, mimi nikaingia, namba zikakubaliana, makofi yakapigwa. Kwamba ulirudi kwenye kiti baadaye, wanasema wageni walikuhurumia. Hii ndiyo hadithi inayosimuliwa hapa wakati wa chai. Na mimi sijawahi kuisahihisha. Mwanzoni nilinyamaza tu. Kisha nikaanza kutabasamu. Wiki iliyopita mkubwa aliwaleta vijana wapya wanaojifunza kazi, akanionyesha kwao: "Huyu ndiye Wanjala. Bibi yake alikuwa ameharibu vipimo vya leza, yeye akapanda ile ndege akavinyoosha." Mmoja wao, msichana aliyeshika daftari, akaniuliza, "Mwalimu, mama alikosea wapi?"

Nami nilimjibu. Nilimwambia, "Aliharakisha."

Akaandika kwenye daftari lake. Nilimwona akiandika.

Ndiyo maana barua hii. Wajue kwamba Nasimiyu hakuharakisha. Alifanya kilichotakiwa kufanywa, kwa wakati wake, peke yake, ndege ikitikisika. Wajue kwamba kosa lilikuwa chini, kwenye kibanda, na kwamba aliyekuwa kibandani alilijua, akalificha kwa tepu na kupanda ndege. Kesho asubuhi, kabla hatujasoma vipimo vya saa tatu, nitaibandika kwenye ubao wa matangazo, na nitasimama kando yake mpaka yule msichana wa daftari amalize kusoma. Watakaotaka kuniuliza, wataniuliza. Nakala yako naituma leo.

Usidhani nimepona. Naliaka anaposema "mama amesema," natega sikio kisha nakasirika. Nawaonea wivu watu wa huko wanaokusalimia asubuhi na wasijue wanamsalimia nani. Jana mtoto alinionyesha ile picha uliyomtumia, umesimama mbele ya skrini kubwa, na kwenye skrini ramani ya kwetu yote, mlima hadi Webuye, imepakwa rangi kulingana na hewa, na chini yake jina lako limeandikwa kwa ukamilifu. Nilimwomba simu. Nilikaa na ile ramani dakika ishirini, nikaikuza kwa vidole, nikapita juu yake mstari kwa mstari nikitafuta mahali ulipokosea.

Sikupaona.

Kaa salama huko uliko, na ule vizuri.

Ni mimi mumeo, ukinitaka bado,
Baba Naliaka